Sawa ya Masele

Kwenye lile duara, shimo la dhahabu nje ya Rwamgasa, hakuna mtu aliyeshuka kabla Masele hajasema sawa. Halikuwa duara lake. Mwenye shimo alikaa mjini na gari lake, akija mara moja kwa wiki kuuliza mbona dhahabu haitoki. Lakini wachimbaji waliliita duara la Masele, kwa kuwa yeye ndiye aliyelijua tumbo lake lote, mita arobaini kwenda chini, tangu mdomoni hadi mwisho wa kijinjia cha pembeni ambako mtu mzima hupita kwa magoti.

Kila asubuhi alishuka peke yake na kinyundo kifupi. Alikuwa akigonga ukuta na kusikiliza, anasogea, anagonga tena, huku akiguna wimbo puani. Mtu asiyejua angesema mzee anajichezea. Wee! Ukuta mzima hujibu mkavu, kama mlango wa mninga. Ukuta mbovu hujibu kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akimaliza alipanda, akapangusa magoti, akasema neno moja kati ya mawili: "Sawa," au "Bado." Akisema bado, watu wanatandika gunia wanacheza drafti, hata iwe wiki. Mwaka mmoja alisema bado siku tisa mfululizo. Mwenye shimo akamtukana matusi ya nguoni. Siku ya kumi ukuta ukaanguka wenyewe, chini hakuna mtu, na mwenye shimo akaja na mbuzi wa kuomba radhi, amemfunga kamba shingoni.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuimbisha kamba. Pale watu na mawe walipandishwa kwa kamba nene iliyopita kwenye gurudumu la chuma, na mwisho wake kikalio cha tairi. Wanaume sita huvuta. Sasa wanaume sita wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, ni sawa na wanawake sita kutwanga kinu kimoja bila kupokezana: mtaumizana. Masele alikaa juu ya dumu tupu la lita ishirini, akalipiga kwa kiganja, akaanzisha wimbo, na wale sita wakaitikia na kuvuta papo hapo kwenye kiitikio. Pumzi zao sita zikawa moja. Watu wa chini nao, wakisikia sauti ya Masele ikiingia shimoni, walijua kamba inakuja, wanaacha sururu na kusogea. Hakuna aliyewahi kuwafundisha hivyo kwa maneno. Miili yao ilikuwa imezoea.

Basi ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nne, masika imepiga wiki mbili bila haya. Mchana, vijana wakiwa juu wanakula ugali, Masele akashuka kukikagua kile kijinjia cha pembeni. Mkwewe Mayala, mume wa binti yake Ritha, ndiye aliyekuwa akikichimba na wenzake watatu, wakiufuata mkanda wa dhahabu. Masele akatambaa hadi mwisho. Akagonga.

Ukuta ukajibu kama mtungi uliojaa.

Akagonga tena, pole pole. Jibu lilelile, zito, la tumbo. Akabandika sikio. Ndani ya mwamba kulikuwa na kitu kinadondoka, tone, tone, na nyuma ya matone kimya kinene. Upande wa pili lilikuwepo duara la zamani, limeachwa miaka miwili, wazi, likinywa kila mvua iliyonyesha. Sasa lilikuwa limejaa hadi shingoni, na kati ya maji yote yale na Mayala umebaki ukuta wa unene wa mkono mmoja.

Alipanda kwa haraka ambayo umri wake haukuiruhusu. Alipofika juu alitaka kupiga kelele: hakuna kushuka, kuna maji! Maneno alikuwa nayo kichwani, yamejipanga. Akafungua mdomo. Mkono wa kulia ukateleza kwenye gogo la mdomo wa shimo kama si wake. Upande mmoja wa uso ukashuka. Jua likahama mahali pake. Akaanguka juu ya rundo la mawe, na Ngassa, mkuu wa wavuta kamba, alipomwinamia na kumwuliza, "Mzee! Mzee Masele, vipi?", mdomo ukatoa neno moja.

"Sawa."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Kwa Masele kichwa ndicho kilichouponza mdomo. Kilikuwa kiharusi. Daktari wa hospitali ya wilaya alisema presha imepasua mshipa, au imeuziba, upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia ulilala, na kuandika hakuwahi kujua. Mguu wa kulia ulikubali kutembea kwa kuburutwa. Lakini akili, jamani, akili ilikuwa kamili! Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu. Maneno alikuwa anayaona ndani yake kama vyombo kabatini, lakini kila alipoingiza mkono kuchukua sahani, mkono ulitoka na kikombe kilekile.

"Baba, unataka uji?" Ritha aliuliza.

"Sawa."

"Au chai?"

"Sawa, sawa."

"Baba, unanijua mimi ni nani?"

Akamtazama mtoto wake wa pekee, aliyemlea bila mama tangu ana miaka sita, na machozi yakamtoka. "Sawa," akasema. Ritha akatoka nje kulia ukutani.

Nadhani mnaanza kuiona hatari. Masele aliiona kabla yenu, na hofu yake ilikuwa ya mtu aliyefungwa kamba akitazama mtoto anatambaa kuelekea motoni.

Jumapili baada ya misa Mayala alikuja hospitali na Ngassa, wamevaa mashati safi, wamebeba machungwa. Duara lilikuwa limesimama tangu Alhamisi kwa heshima ya mgonjwa. Mayala akasimama mbali kidogo na kitanda, kama mkwe anavyotakiwa, ameinamisha macho.

"Shikamoo, baba."

"Sawa."

Mayala akaweka machungwa chini. "Pole sana, baba. Tumekuja kukuona. Na pia... mwenye shimo amepiga simu, anataka kazi ianze Jumanne. Mimi nimesema siwezi kushuka bila neno lako. Siku ile ulikuwa umetoka kukagua. Kule pembeni, baba, kukoje?"

Masele akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo na hapana zimechanganyika, hadi mto ukaanguka. Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Akaelekeza kidole chini, chini, sakafuni. Ndani yake sauti ililia: maji! Maji, mwanangu, usishuke! Midomo ikakutana, ikahangaika, ikatoka jasho.

"Sawa," ikasema. "Sawa, sawa. Sawa!"

"Unaona?" Ngassa akamwambia Mayala, amefurahi. "Anasema tushuke chini. Hata Alhamisi aliniambia mwenyewe, ndilo neno lake la mwisho. Mzee bwana, hata mauti hayamsahaulishi kazi."

Mayala akashukuru. "Wabeja, baba," akasema kwa Kisukuma. Wakaondoka. Masele akajaribu kushuka kitandani awafuate, akaanguka sakafuni, na muuguzi akamfokea Ritha kwa kutomwangalia mgonjwa wake.

Jioni ile, hofu ilipomzidi, Masele alifanya alichofanya siku zote akiwa chini ya ardhi na taa imeanza kufifia: aliguna. Akaguna wimbo wa kamba. Na katikati ya kuguna, bila kuitwa, maneno yakatoka.

"Vuta mwana wa mama, vuta, mlima uzae..."

Akanyamaza, ameduwaa. Midomo ilikuwa yake! Akarudia, na maneno yakatoka tena, yote, safi, kama hayajawahi kupotea. Ritha, aliyekuwa anakunja nguo, akageuka uso umemsawajika. Mtu asiyeweza kusema jina lake, anaimba! Ritha ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye rozari mkobani, lakini hofu haiulizi dini. Babu yake, baba wa Masele, alikuwa mpiga ngoma wa waganga kule Kishapu, na watu walisema masamva wa ukoo ule, mizimu ya wazee, humchukua mtu kwa kumwimbisha kwanza.

"Baba, nyamaza," akasema akitetemeka. "Usiwaitikie! Baba, nakuomba!" Akachukua ncha ya khanga akamziba baba yake mdomo, kwa upendo wote alio nao.

Kila Masele alipoanza, khanga ilirudi. Hivyo ndivyo Ritha alivyoulinda uhai wa baba yake siku ile, na hivyo ndivyo alivyokaribia kumuua mume wake.

Jumatatu asubuhi aliingia Klara. Klara alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya wagonjwa, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, mzaliwa wa Ushirombo, aliyekulia kwenye kwaya ya misheni. Tangu Ijumaa hakuwapo kazini, ndiyo sababu hakuwa amemwona mgonjwa. Akakuta mzee anaguna na binti anamziba mdomo.

"Ebo! Unamfanya nini baba yako?"

"Anaimba, dada. Kuongea hawezi, ila anaimba. Wanamchukua."

"Nani anamchukua?" Klara akaondoa khanga, akavuta kiti. Akaanzisha taratibu wimbo wa kanisani ambao kila Mkatoliki wa pande zile anaujua tangu katekisimu, akaacha mstari katikati. Masele akaumalizia, neno kwa neno. Ritha akapiga magoti sakafuni.

"Hakuna mzimu hapa, mama," Klara akamwambia. "Sikiliza. Kwa watu wengi, maneno ya kuongea yanakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio ulioumia kwa baba. Wimbo haukai upande mmoja. Mapigo, sauti kupanda na kushuka, maneno uliyoyaimba miaka na miaka, vimetawanyika, na vingine viko upande huu wa kulia ambao ni mzima. Mlango wa mbele umefungwa, anapita wa uani. Ndiyo maana tunawaimbisha wagonjwa kama huyu, tunawapigisha mkono wa kushoto, tap, tap, na neno linajifunza kufuata mkono. Si dawa ya uhakika, na si kila mtu inamsaidia. Lakini usimzibe tena."

Masele aliyasikia yote hayo kama mtu aliyetupiwa kamba. Akaanza kupiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. Akachukua sauti ya wimbo wa kamba, akaweka ndani yake maneno anayoyataka: kuna maji, kuna maji.

"Sawa sawa," ukatoka wimbo, kwa sauti nzuri kabisa. "Sawa sawa, sawa sawa."

Klara akamshika bega. "Polepole, mzee. Neno jipya linachukua wiki nyingi, pengine miezi. Sasa hivi yanakuja ya zamani tu, yaliyokwisha kuzama mwilini."

Wiki nyingi! Mayala anashuka kesho asubuhi.

Hapo ndipo alipoanza kuzipekua nyimbo zake, moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye nguo za maisha yake yote. Ikiwa maneno mapya hayatoki, basi lazima ulikuwepo wimbo wa zamani wenye maji ndani yake. Alianza na za kamba, miaka ishirini na miwili ya Rwamgasa. Zilikuwa na mlima, na mwana wa mama, na mpenzi aliyekimbilia Katoro na fundi simu. Maji hazikuwa nayo. Akaenda kwenye za ujana, alipokuwa akiongoza kundi la walimaji kule Kishapu, wanaume thelathini wanalima pamba ya mtu mmoja kwa mpigo wa ngoma, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Siku hizo mwimbaji mzuri alilimiwa shamba lake na wengine. Nyimbo zile zilijaa majigambo, kwamba jembe langu linaogopwa na mawe. Maji, hakuna. Akauimba wimbo wa harusi yake na marehemu Eufrasia, na hapo akalia tena, lakini wimbo ulikuwa na pombe na shanga tu.

Mchana akaupata mmoja wa kanisani, wa ubatizo. Una maji! Akauimba kwa nguvu zote, akielekeza kidole chini, macho yamemtoka, "maji, maji ya uzima." Ritha akaweka mikono kifuani. "Amina, baba," akasema, na badala ya kukimbia kumzuia mumewe akakimbia kumtafuta katekista aje na padri na mafuta matakatifu, maana ameona baba anajiandaa. Wakaja, wakampaka. Masele alipakwa mafuta ya wagonjwa akiwa amekasirika kuliko mgonjwa yeyote wa jimbo lile.

Jumanne kukapambazuka. Saa mbili ikapita, na saa mbili ndiyo saa ya kushuka. Masele akageukia dirisha, hana tena wimbo. Nje ya uzio mtu alikuwa akipitisha ng'ombe. Kengele ya shingoni ilikuwa inalia, kwa uvivu, na mchungaji akapiga mluzi.

Akakumbuka Songwa, kule Kishapu. Alikuwa na miaka saba, anachunga na dada yake mkubwa. Kulikuwa na lambo walilonyweshea, na wakati wa masika kingo zake zilikuwa zinalika chini bila kuonekana, ng'ombe akisimama ukingoni anakwenda na udongo. Kwa hiyo watoto wa pale walikuwa na wimbo wao wa kuwatoa, na ng'ombe waliuelewa kuliko fimbo. Dada alifariki zamani. Wimbo Masele hakuwa ameuimba kwa miaka hamsini. Kiganja cha kushoto kikaanza chenyewe, na mdomo ukafuata, kwa Kisukuma cha mtoto wa miaka saba. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

Tokeni majini, ng'ombe wa baba, tokeni,
ukingo unaliwa chini, tokeni;
wa pembe atangulie, ndama afuate,
lambo halina huruma, tokeni.

Ritha akatabasamu kwa huzuni. Klara alikuwa ameingia na mpira wa mazoezi, na yeye Msumbwa, Kisukuma chake cha sokoni. "Huo sijausikia. Anaimba nini?"

"Vya utotoni, dada. Anawaambia ng'ombe watoke majini, ukingo unaliwa chini."

Klara akamtazama mzee. Mzee alikuwa anautazama mdomo wa Ritha, anatikisa kichwa, anapiga kitanda, anaelekeza kidole chini, sakafuni, na shingo yake mishipa imesimama.

"Mama," Klara akasema polepole, "alipoanguka alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa ametoka kukagua kule..." Ritha akaishia hapo. "Yesu wangu. Mayala."

Akapiga simu. Haipatikani, mtu aliye chini ya ardhi simu yake haipatikani. Akampigia Ngassa. Ikaita hadi ikakata, mara nne, maana mikono ya Ngassa ilikuwa kwenye kamba. Klara hakungoja ruhusa ya daktari. Aliita bodaboda langoni, akamkalisha mzee katikati, akamfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mtoto, Ritha nyuma anamshikilia. Karibu saa nzima ya matope na mashimo. Ritha alisali kwa sauti. Masele alikuwa anaguna wimbo ule njia nzima, anaogopa kuuacha hata pumzi moja, asije akafika akaukosa.

Walipofika, kamba ilikuwa inapandisha viroba vya mawe. Ritha akaruka, akakimbia kuelekea shimoni. Wanaume wawili wakamziba njia. Pale, mwanamke hasogelei mdomo wa duara. Wanasema dhahabu inakimbia.

"Watoeni!" Ritha akapiga kelele. "Kuna maji ukutani! Baba amesema!"

"Baba amesema kwa mdomo gani?" mmoja akauliza, na wengine wakacheka kidogo.

Ngassa akaacha kamba, akaja. Hakucheka. Alimpenda yule mzee. Akachuchumaa mbele yake pale alipokalishwa chini, akamshika mkono ule mzima. "Shikamoo, mzee. Ritha anasema kuna hatari kule chini. Niambie wewe. Niwatoe?"

Masele akalikusanya lile neno, ndiyo, neno dogo kuliko yote, akalisukuma kwa mwili wake mzima, kichwa kikiyumba huku na huku.

"Sawa," akasema. "Sawa, sawa."

"Sawa ndiyo, au sawa kuko sawa?"

"Sawa."

Ngassa akasimama, ameshusha pumzi. "Kuko sawa. Ritha, dada yangu, umechoka, mpeleke mzee apumzike. Haya, kamba!"

Sidhani kama kuna hofu kubwa kuliko ile, kuusikia mdomo wako mwenyewe ukiwafukia watu kaburini. Ritha alikuwa chini anagaagaa, wanaume wamemshika. Kisha jicho la mzee likaangukia dumu lake la lita ishirini, limelazwa pembeni, hakuna aliyethubutu kulikalia. Akajiburuta hadi pale kwa kiwiko. Akalipiga kwa kiganja cha kushoto. Mara moja, mara ya pili.

Migongo ya wale sita ikanyooka yenyewe. Ndivyo mwili ulivyo, dumu likilia haungojei amri.

Akaimba. Hakuimba kwa mpigo wa uvivu wa ng'ombe. Aliupandisha kwenye mpigo wa kamba. "Tokeni majini, ng'ombe wa baba!" Na wale sita, bila kufikiri, wakajibu "Tokeni!" wakavuta. "Ukingo unaliwa chini!" "Tokeni!" Kiroba cha mawe kikaruka juu kama kimebeba manyoya. Ngassa alikuwa ameitikia mara tatu kabla masikio yake hayajasikia kinywa chake kinasema nini. Naye alichunga utotoni. Akamtazama mzee, akalitazama shimo. Hapa pana ng'ombe gani?

"Mungu wangu!" akasema. "Tupa mawe! Shusha tairi! Mzee, usiache, imba!"

Chini kule Mayala na wenzake walisikia sauti ya Masele ikishuka shimoni, sauti waliyodhani hawataisikia tena. Miili yao ikafanya ilichozoea: wakaacha sururu, wakasogea kwenye kamba. Wa kwanza akapanda. Wa pili akapanda, akasema kule pembeni ukuta unatoa jasho. Masele aliimba ubeti uleule, uleule, koo limechanika, kiganja kinatoka damu, kwa kuwa alijua akinyamaza litarudi lile neno moja. Wa tatu alipofika juu suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Mayala yuko wapi?" Ritha akalia.

"Nyuma yangu. Alirudi kuchukua..." Hakumaliza. Kutoka shimoni ulipanda upepo wa baridi, wenye harufu ya tope la zamani, na nyuma yake mngurumo.

Kamba ikakaza. Kuna mtu, au kuna mwamba. "Wa pembe atangulie!" Masele aliimba, analia na kuimba. "Tokeni!" Wakavuta. "Ndama afuate!" "Tokeni!" Wale watatu waliotoka nao wakaishika kamba, na Ritha naye akaishika, hakuna aliyekumbuka mwiko, hadi kikatokea kichwa cha tope chenye macho mawili. Mayala alikuwa amejifunga kamba kwapani, tairi limekwenda. Walipomlaza chini maji meusi yalikuwa yanaonekana tayari kwa macho, yanapanda, yanazunguka na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, kama njiti.

Mayala alipoweza kupumua alitambaa hadi kwenye dumu, akasahau adabu ya mkwe, akaweka kichwa kwenye magoti ya mzee. "Baba," akasema, "baba, uko salama?"

"Sawa," akasema Masele.

Mwaka umepita sasa. Klara amempa maneno kama thelathini, ya kuimba: chai naomba, mguu unauma, Ritha mwanangu. Nyumbani mle watu huombana chumvi kwa wimbo, majirani wamechoka kucheka. Duara lile limefukiwa. Wamefungua jingine, na Masele hashuki tena, ila kila asubuhi wanamleta mdomoni mwa shimo. Ngassa hushuka akagonga, na mzee husikiliza kutoka juu, sikio limebandikwa kwenye gogo linaloshuka shimoni. Sheria yao ni moja: sawa ya mdomo haihesabiwi. Mzee akiridhika atapiga dumu na kuimba, ndipo watu washuke.

Juzi asubuhi Ngassa aligonga kila mahali, akapanda, akasema yeye hajasikia kitu. Vijana wakavaa kofia. Mayala akachuchumaa mbele ya mzee. "Baba, kukoje?"

Masele alikaa na sikio kwenye gogo muda mrefu. Kisha akainuka. "Sawa," akasema.

Mayala akangoja. Wote wakangoja, macho kwenye kile kiganja cha kushoto. Kiganja kilikuwa juu ya goti, wala hakikusogea kuelekea dumu. Mayala akavua kofia, akatandika gunia, akawaambia wenzake walete drafti.